Acha Kumwandikia Askari Wako Wasifu

"Wasifu wa kila mhusika uwe na maneno mangapi ili mchezaji amjali?" Swali hili huniletea karibu kila anayeanza kutengeneza gemu la vita la zamu kwa zamu, lile lenye majini, wachawi na wafalme wa nchi zisizokuwepo. Muulizaji huwa amekwishaandika. Ana faili la kurasa tele: mpiga upinde alifiwa na baba akiwa mdogo, mchawi alifukuzwa chuoni, mshika ngao anamtafuta dada yake aliyetekwa. Anachotaka kwangu ni kuambiwa kama zimetosha au aongeze.

Hakuna idadi ya maneno itakayoifanya kazi hiyo, na nimechoka kulieleza jambo hili kwa upole. Mchezaji hamjali askari kwa yaliyompata kabla ya mchezo kuanza. Humjali kwa yaliyompata mikononi mwake yeye mchezaji. Baba wa mpiga upinde alikufa kabla mchezaji hajabonyeza chochote. Hakuamua lolote katika kifo hicho, hakuhatarisha kitu, hakuwa na namna ya kukizuia. Kwake ni taarifa ya msiba wa mtu asiyemjua, tena imemfikia wakati anataka kujua mambo mawili tu: huyu anatembea hatua ngapi, na mshale wake unafika wapi.

Watetezi wa wasifu hunijia na riwaya. Mbona msomaji humlilia mhusika ambaye hakumwamulia neno? Ni kweli humlilia. Lakini riwaya huwabeba watu wachache kwa mamia ya kurasa, na msomaji ameketi kusoma, hana shughuli nyingine. Gemu la mkakati lina kikosi kizima, na mchezaji ana shughuli nzito: anahesabu. Kila zamu anapima ardhi, umbali, uwezekano wa kupiga na wa kupigwa, nani atangulie na nani abaki nyuma. Akili iliyozama katika hesabu hizo huuona wasifu kama mtu aliyesimama mlangoni. Mchezaji atatafuta kitufe cha kuruka maandishi kabla hajatafuta ramani. Uandike vizuri kuliko mwandishi yeyote, bado utarukwa.

Chukua Heroes of Might and Magic III, gemu la mwaka 1999. Kila shujaa ndani yake ana picha, jina na maelezo mafupi ya maisha. Mmoja wao, Solmyr, ni jini. Waliolicheza gemu hilo miaka nenda miaka rudi wanamkumbuka sana, ila waulize wanamkumbuka kwa lipi: watakutajia radi. Solmyr huanza safari akiwa na uchawi wa radi inayoruka kutoka kundi moja la askari hadi jingine, nguvu ikipungua nusu kila inaporuka. Radi hiyo haibagui. Ikiwa kundi lililo jirani ni la kwako, itarukia la kwako. Mchezaji aliyewahi kuwaunguza wapiga upinde wake mwenyewe kwa haraka ya kumaliza vita ana kisa kati yake na Solmyr, kisa ambacho hakuna mtunzi aliyekiandika. Mtunzi aliandika kanuni ya radi, akaishia hapo.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Bao la kiswahili ni mchezo wa mkakati wa zamu kwa zamu, na kete zake 64 hazina sura wala majina. Lakini keti barazani usikilize wachezaji wanavyoizungumzia nyumba. Shimo hilo huanza na kete sita, na lina haki ambayo shimo jingine halina: ukiwa unakula wakati wa kunamua, yaani hatua ya kwanza ya mchezo, na mkono ukaishia kwenye nyumba yako, una hiari ya kulala, yaani kuikomesha zamu yako hapo, au kuzizoa zote ukasafiri. Ukisafiri, nyumba imevunjika na ile haki imekwenda nayo. Hakuna aliyeitungia nyumba hadithi ya ukoo wake. Iko moja tu, ina uwezo wake wa pekee, na ikishavunjwa hairudi. Hayo matatu yametosha kuwafanya watu wazima wabishane hadi magharibi kuhusu nyumba iliyovunjwa mapema mno.

Sasa tazama Battle for Wesnoth, gemu la bure lililoanzishwa na David White mwaka 2003, ambalo mtu yeyote anayesema anataka kazi hii anapaswa kulicheza kabla ya kuniuliza swali. Askari wa mkuki hununuliwa kwa dhahabu 14. Hutoka ngomeni akiwa na jina lililookotwa kwa bahati nasibu na sifa mbili kati ya nne: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili. Wasifu hana, hata sentensi moja. Lakini mwenye akili anahitaji uzoefu pungufu kwa asilimia 20 ili apande daraja, kwa hiyo kuanzia zamu ya kwanza unaanza kumtazama kwa jicho jingine. Akipanda, uhai wake hujaa upya papo hapo, hata kama alikuwa amebakiza tone, na wewe unaamua awe mpiga upanga, mshika mkuki mrefu au mrushaji wa mikuki. Vita ikiisha, aliyenusurika huingia kwenye orodha ya wakongwe, na katika vita ifuatayo unaweza kumwita kwa dhahabu 20.

Tua kwenye bei hizo. Mgeni ni 14, mkongwe ni 20, na mkongwe wa daraja la juu hudai matunzo makubwa zaidi kila zamu. Mchezaji mwenye dhahabu 60 anawaita wakongwe watatu, au ananunua wageni wanne na kubaki na chenji. Anapolitazama jina la yule aliyesimama peke yake kwenye daraja la mto vita iliyopita, akamlipia 20, amekwishasema kwa mali yake kwamba huyu si sawa na mwingine. Hapo ndipo gemu limekuwa lake. Wachezaji wawili wakianza kampeni moja siku moja, baada ya ramani tano kila mmoja ana kikosi chenye majina yasiyofanana na makovu yasiyofanana, na kila mmoja atakusimulia cha kwake bila kuombwa.

Wanaosikia haya hudhani nachukia hadithi. Ninazipenda, ndiyo maana inaniuma kuziona zikirukwa. Tatizo ni wakati wa kuzitoa na bei yake. Fire Emblem ya mwaka 2002 iliyotoka kwa Game Boy Advance ilipanga jambo hili kwa ustadi: askari wawili wakimaliza zamu wakiwa bega kwa bega, uhusiano wao unakua, na ukifika kiasi fulani unafungua mazungumzo kati yao. Mchezaji aliwaweka pamoja kwa sababu za kivita, mmoja amkinge mwenzake, na sasa wanazungumza kwa sababu yeye aliwaweka pamoja. Mazungumzo hayo yanaweza kubeba habari ya baba aliyekufa, na safari hii mchezaji atasoma, kwa kuwa anayezungumza ni mtu aliyemwokoa jana. Kwa hiyo lile faili lako usilifute. Likatekate vipande vifupi, kila kipande ukifungie nyuma ya tendo la mchezaji.

Kuna dawa mbili nyingine zinazouzwa pamoja na wasifu. Moja ni kumpa mchezaji vifaa vya kuchonga sura: pua, rangi ya macho, mitindo ya nywele. Utafiti wa Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely uliochapishwa mwaka 2012 unaonyesha kwamba watu hukithamini zaidi kitu walichokiunda kwa mikono yao. Watengenezaji huutaja utafiti huo na kuacha nusu yake: thamani hiyo hutoweka kazi isipokamilika au ikibomolewa. Sura iliyochongwa mwanzoni, kisha gemu lisiitazame tena hadi mwisho, ni kazi iliyotupwa. Ikiwa panga lililomkata askari kwenye ramani ya pili haliachi alama usoni mwake kwenye ramani ya tatu, kile kifaa cha kuchonga pua kilikuwa cha nini?

Ya pili ni kifo cha kudumu. Fire Emblem ya kwanza, ya mwaka 1990, iliweka sheria kwamba askari aliyeanguka harudi, na tangu hapo watu wanadhani kifo peke yake ndicho kinachojenga uhusiano. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mchezaji akimpoteza mtu huizima vita na kuianza upya, kwa hiyo kifo hakikutokea, na hakikuacha kumbukumbu yoyote. Mfululizo huohuo wa Fire Emblem uliongeza mwaka 2010 hali ya kucheza ambamo walioanguka hurudi vita ikiisha. Kinachofaa zaidi ni kukipa kifo mlango wa uamuzi. Final Fantasy Tactics ya mwaka 1997 humwacha aliyeanguka akihesabiwa hadi tatu kabla hajapotea kabisa, na ndani ya hesabu hiyo mchezaji hukimbiza mganga uwanjani kana kwamba ni ndugu yake aliyelala pale. Wildermyth ya mwaka 2021 inakwenda mbele zaidi: shujaa anapoishiwa uhai, mchezaji huulizwa. Arudi nyuma akiwa na jeraha la maisha, au afe na kifo chake kiwasaidie wenzake? Jibu lolote kati ya hayo ni la mchezaji, na hana sababu ya kuizima vita.

Basi, ya kufanya. Punguza kikosi hadi idadi ambayo mtu anaweza kuitaja kwa kichwa. Mpe kila askari jina tangu anaponunuliwa na mwachie mchezaji alibadilishe. Tunga orodha ya majina ya watu wanaoishi duniani, Chausiku, Makame, Otieno, Mkubwa, badala ya kukopa majina ya wapiga panga wa Ulaya yaliyokwishachakaa. Sifa mbili zinatosha, mradi kila moja ibadilishe hesabu ya vita. Mkongwe awe na bei yake. Kila askari awe na daftari ndani ya mchezo linaloandika zamu, mahali, tendo na aliyehusika. Baiti nane zinatosha tukio moja, kwa hiyo askari 20 wenye matukio 50 kila mmoja ni baiti 8,000, pungufu ya picha moja ndogo, na simu ya bei nafuu isiwe kisingizio. Andika yale ya nadra tu: alibaki na uhai wa moja, alimwangusha kiongozi wa adui, aliokolewa, aliachwa nyuma. Lakabu itoke humo. Daftari liseme mara chache, kwa sababu askari anayekumbushia kila zamu huzoeleka na kunyamazishwa. Kovu lionekane kwenye picha na lihisiwe kwenye kanuni. Hifadhi mchezo katika faili moja linalojiandika kila zamu inapoisha, ila weka pia hali laini kwa asiyetaka ukali huo. Adui aliyekimbia mrudishe akiwa anamkumbuka aliyemjeruhi; lakini kabla ya kuiga mfumo mzima wa Middle-earth: Shadow of Mordor wa mwaka 2014, soma hataza ambayo Warner Bros. walipewa Marekani mwaka 2021.

Kisha lijaribu. Mpe gemu mtu asiyekujua, aache kucheza baada ya ramani ya tatu, afunge skrini, akutajie askari wake kwa majina. Kwa kila aliyemtaja muulize askari huyo alifanya nini, na uyaandike majibu neno kwa neno. Hayo ndiyo matukio ambayo daftari lako linapaswa kuyarekodi, na kama daftari halina nafasi ya mojawapo, liongezee nafasi kabla hujaandika mstari mwingine wa hadithi.