Chavua Isisafiri kwa Bahasha, Usafiri Ujuzi

Mjomba wangu wa Lushoto ana mitufaha saba, na kwa miaka mingi anatafuta mti mpya utakaozaa tunda kubwa bila kuuguaugua. Alipoona picha ya mtufaha ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Peckham, akaniandikia: "Mwanangu, nikusanyie chavua ya huo mti, uitie kwenye bahasha, unitumie." Ninyi mlio ugenini mnayajua maombi ya namna hii. Kumwambia mkubwa "hapana" si kazi ndogo.

Nilimwambia hapana, nikampa sababu mbili. Kwanza, mti wetu ni Bramley, lile tufaha kubwa la kijani la kupikia. Bramley ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo chavua yake nyingi haina nguvu ya kurutubisha. Pili, chavua hai ni sehemu ya mmea, na huweza kubeba magonjwa. Uingereza kuna bakteria wanaounguza mitufaha na mipeasi wakipitia kwenye maua. Waligunduliwa Kent mwaka 1957. Kuingiza mimea Tanzania kunahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA; Kenya ni KEPHIS. Bahasha ya kimyakimya ingeweza kumharibia mjomba shamba, na majirani zake pia.

Lakini tulipozungumza kwa simu niligundua kwamba alichohitaji anacho tayari. Mti wake mmoja una matunda madogo lakini hauugui. Mwingine una matunda makubwa lakini ni dhaifu. Tatizo ni kwamba wa kwanza humaliza kuchanua wiki kadhaa kabla ya wa pili. Wakulima wa tende wa Oman wanalifahamu tatizo hili: mtende dume ukiwahi, chavua yake huhifadhiwa ikavu hadi majike wachelewaji wachanue.

Hapo uuguzi ulinisaidia. Chanjo tunazitunza kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na nyingi huharibika zikiganda. Chavua ya tufaha ni tofauti: ikikaushwa vizuri, huvumilia friza. Adui yake mkubwa ni unyevu. Nilimwandikia mjomba hatua hizi:

Chuma maua yaliyovimba lakini hayajafunguka, kabla nyuki hawajaingia. Toa vile vichwa vidogo vilivyo juu ya nyuzi za ndani, uvitandaze kwenye karatasi safi, chumbani pakavu pasipo jua wala upepo. Baada ya siku moja au mbili vitapasuka na kutoa unga wa njano.

Tia unga huo kwenye kichupa, ukiweke ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya. Andika jina la mti na tarehe. Kwenye friji chavua itakaa wiki kadhaa. Kwenye friza, hata mwaka.

Ukiitoa, usifungue chombo papo hapo. Kiache kipoteze ubaridi kwanza, la sivyo hewa yenye joto itatoa jasho ndani na chavua italowa.

Kwenye mti wa pili, fungua ua ambalo halijachanua, ondoa nyuzi zake za kiume, paka chavua kwenye ncha za katikati kwa brashi laini, kisha lifunike kwa mfuko wa karatasi.

Wanafunzi wenye hadubini shuleni wanaweza kupima kama chavua ingali hai: iweke kwenye maji ya sukari yenye asidi ya boriki kidogo sana. Baada ya saa chache, chembe zilizo hai huotesha mirija myembamba.

Mjomba alitumia friza ya duka la jirani. Kati ya maua 12 aliyoyapaka, manne yamefunga tunda. Matunda hayo yenyewe yatafanana na ya mti mama. Mchanganyiko uko ndani ya mbegu, na kila mbegu itatoa mti wa tabia yake. Mche wa mbegu huchukua miaka mingi kuzaa, na mjomba ana miaka 71. Nilipomkumbusha hilo, aliniuliza tu watoto wangu watakuja lini likizo, maana anataka wao ndio wapande zile mbegu.