Kugawa Sifa za Mhusika katika Dungeons & Dragons Online

Katika Dungeons & Dragons Online, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2006, mchezaji huunda mhusika wake kabla ya kuingia vitani. Mhusika ana sifa sita, zilizorithiwa kutoka mchezo wa mezani ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba.

Kwa kawaida kila sifa huanzia 8, na mhusika mpya hupewa pointi 28 za kuziongeza. Kupanda hadi 14 hugharimu pointi moja kwa kila hatua. Hatua za 15 na 16 hugharimu mbili mbili, na za 17 na 18 tatu tatu. Anayefikisha sifa moja 18 hutumia pointi 16, hivyo hubakiwa na 12 tu kwa sifa tano nyingine. Tena, faida huongezeka kwenye namba shufwa: 15 haizidi 14 kwa lolote kubwa.

Uchaguzi hufuata kazi ya mhusika. Mpiganaji wa upanga huhitaji nguvu, mpiga mishale wepesi, na kuhani hekima. Mchawi aliyesomea uchawi hutegemea akili, ilhali aliyezaliwa nao hutegemea haiba. Ustahimilivu, unaoongeza uhai, hauna asiyeuhitaji.

Kila baada ya ngazi nne mhusika hupata pointi moja zaidi. Nyongeza hiyo ni ndogo, kwa hiyo mgawanyo wa mwanzo ndio wenye uzito.