Eneo Unalo, Tafuta Pande

Mwanafunzi wa Kabondo, hapa Kisangani, hufundishwa aljebra kwa Kifaransa, kisha akifika nyumbani huwaeleza wadogo zake kwa Kiswahili au Kilingala. Akiona x² + 7x + 12, mara nyingi hukimbilia delta, yaani b² − 4ac. Delta haidanganyi, ila haimwonyeshi vigawo vimetoka wapi. Parseli, yaani kiwanja, humwonyesha.

Chora parseli ya mstatili: upande mmoja x + 3, wa pili x + 4. Ikate vipande vinne. Utapata mraba wa x², ukanda wa 3x, ukanda wa 4x, na kona ya 12. Jumla yake ni x² + 7x + 12. Kutafuta vigawo ni kuirudia njia hiyo kinyume: eneo unalo, unatafuta pande. Kanda mbili zinadai namba ambazo jumla yake ni 7, na kona inadai zao lake liwe 12. Pima jozi: 1 na 12, 2 na 6, 3 na 4. Jozi ya tatu inatimiza yote mawili.

Kwa 2x² + 7x + 3, zidisha kwanza 2 kwa 3, upate 6. Namba zenye zao 6 na jumla 7 ni 1 na 6. Gawanya 7x kwa namba hizo: 2x² + x + 6x + 3. Vipande viwili vya mwanzo vinatoa x(2x + 1), viwili vya mwisho 3(2x + 1). Jibu ni (2x + 1)(x + 3). Hata x² − 49 inatii sheria hiyo: zao −49, jumla 0, basi (x + 7)(x − 7).

Mchoro huu una ukoo mrefu. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Al-Khwarizmi alifumbua x² + 10x = 39 kwa kuongeza kona ya 25 ili mraba ukamilike: eneo 64, upande 8, x ni 3.

Delta nayo ina zamu yake. Kwa x² + 7x + 11 inatoa 5, ambayo si mraba kamili. Basi acha kutafuta jozi za namba nzima, hazipo. Ikitoa mraba kamili, rudi kwenye mchoro: pande zipo, zinakungoja.