Je, Wajua? Pembe Mpya Kila Mwaka

Kulungu dume mwenye mkia mweupe, wa Amerika, huota pembe mpya kila mwaka. Huanza kuchomoza baada ya baridi kuisha, zikiwa zimevikwa ngozi laini iliyojaa mishipa ya damu. Kufikia Septemba ngozi hiyo hukauka, naye huibandua kwa kusugua pembe kwenye miti. Msimu wa kupandana ukipita, pembe hudondoka. Panya huzitafuna kupata madini. (Ng'ombe wetu akikatika pembe, ndiyo basi!)

Kulungu huyu akishtuka huinua mkia, weupe wa chini ukaonekana mbali.

Mtoto wake mchanga hakimbii hatari. Hulala kimya majanini, madoa meupe mgongoni, karibu bila harufu.

Kulungu wadogo zaidi wa aina hii nchini Marekani wako katika visiwa vya Florida Keys: kimo mabegani takriban sentimita 70. Nao huogelea baharini kutoka kisiwa hadi kisiwa.