Shule Isiyotangaza Nafasi ya Kwanza

Mwezi wa Januari mwaka huu aliletwa nyumbani kwetu Morogoro mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, mwenye umri wa miaka 11. Alikuwa akisoma katika shule moja ya kimataifa huko Dar es Salaam, na ada yake ililipwa na kampuni aliyofanyia kazi baba yake. Mkataba wa kazi ulipokwisha, ada nayo ikakoma, na mtoto akaandikishwa Darasa la Sita katika shule ya msingi ya serikali iliyo karibu nasi. Katika jaribio la kwanza akawa wa 58 kati ya wanafunzi 71. Baba aliitazama karatasi ile, akasema, "Kumbe fedha zote zile zimekwenda bure!" Mtoto hakujibu neno. Aliinamisha kichwa, na usiku ule hakula.

Jambo hilo lilinisumbua sana. Basi nikazichukua taarifa za shule yake ya zamani, nikazisoma kwa msaada wa mwalimu wetu wa Kiingereza. Niliyoyapata humo ndiyo nipendayo kuwaeleza wenzangu, na hata wazazi watakaolisoma gazeti letu.

Kwanza yafaa tufahamu kwamba shule za kimataifa si za namna moja. Baadhi yao hufuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza, ambao una mitihani ya mwisho wa elimu ya msingi katika Kiingereza, Hisabati na Sayansi. Nyingine hufuata mpango wa shirika liitwalo International Baccalaureate, lililoanzishwa Geneva, nchini Uswisi, mwaka 1968. Mpango wa shirika hilo kwa watoto wa miaka 3 hadi 12 ulianza mwaka 1997, na huo ndio aliousoma mdogo wangu.

Katika mpango huo watoto husoma lugha, hisabati, sayansi, maarifa ya jamii, sanaa na michezo, kama sisi. Lakini masomo hayo hufungwa pamoja katika mada kuu sita: sisi ni nani, tuko wapi, na katika wakati gani, twajielezaje, ulimwengu waendaje, twajipangaje katika jamii, na jinsi ya kuishi pamoja katika dunia hii moja. Kila mwaka darasa hupitia mada hizo, moja baada ya nyingine, na kila mada hukaa majuma kadhaa. Mathalani, wakichukua habari ya maji, watapima maji katika hisabati, watachunguza mvuke katika sayansi, na wataandika barua juu ya kisima katika somo la lugha. Mwalimu huanza kwa kuuliza watoto wanajua nini na wanataka kujua nini, ndipo kazi inapopangwa.

Je, hupimwaje? Hapo ndipo baba aliposhangaa, maana taarifa ilikuwa na kurasa nyingi, wala hamkuwa na nafasi ya mtoto darasani. Shirika lenyewe halitungi mtihani wowote kwa watoto wa msingi. Mwalimu humwangalia mtoto kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada ya kazi, kisha huandika aliloweza na lililomshinda. Kazi za mtoto huwekwa katika jalada, nzuri na mbaya pia, ili aone mwenyewe alivyoendelea. Wazazi huitwa, na mtoto ndiye awaelezaye kazi yake. Na katika mwaka wa mwisho watoto huchagua tatizo la kweli, hulichunguza kwa majuma mengi, halafu huonyesha matokeo mbele ya wazazi na walimu.

Kwetu sisi mambo ni mengine. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hutungwa na Baraza la Mitihani la Taifa, na watoto wa Tanzania Bara hufanya mtihani huo huo. Tusiudharau mtihani huo. Mtoto wa mkulima kule Ulanga na mtoto wa mjini hupimwa kwa kipimo kimoja, tena bila kumwuliza mtu baba yake ni nani. Hata hivyo, Baraza lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Basi na sisi yafaa tujiulize kama nafasi ya mtoto peke yake yatosha kutueleza habari zake.

Jibu nililipata uani kwetu. Bomba letu lilikuwa likivuja kwa muda mrefu, na hakuna aliyejali. Jumamosi moja nilimkuta mdogo wangu amekinga kikombe cha nusu lita, ameshika saa. Kikombe kilijaa kwa dakika 15. Akaandika chini: lita 2 kwa saa, lita 48 kwa siku, lita 1,440 kwa siku 30, yaani ndoo kubwa 72 za lita 20. Alimpelekea baba karatasi ile, akamwambia, "Baba mkubwa, tunanunua maji tusiyoyanywa." Baba alikaa kimya, kisha akaenda dukani akanunua mpira wa koki. Bomba halivuji tena.

Lakini nisifiche upande wa pili. Hesabu hiyo ilimchukua muda mrefu, kwa sababu jedwali la kuzidisha hakulijua vema. Kiswahili chake cha kuandika kilikuwa kibovu, na hakuzoea kushindana na saa ya mtihani. Hapana budi ajifunze hayo, kwa kuwa mtihani haumngojei mtu. Kwa hiyo kila jioni mimi humsikiliza jedwali na imla, naye huniuliza maswali ambayo mara nyingi sina majibu yake.

Katika jaribio la pili alikuwa wa 36. Baba aliuliza nafasi kwanza, kama kawaida yake. Kisha akamketisha, akamwuliza, "Na swali hili ulilokosa, sasa umelielewa?" Mtoto akaeleza, na baba akasikiliza hadi mwisho.

Wazazi wetu, swali hilo la pili halina ada. Laweza kuulizwa katika nyumba yoyote. Nasi wanafunzi tukirudishiwa karatasi zetu, tusitazame alama tu na kuzikunja. Tuyatafute makosa yetu tuyasahihishe. Wazee walisema kuuliza si ujinga.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu