Hadithi Zinazoshuka Kutoka Angani

 

Juma lililopita nilikwenda Turwa, hapa Tarime, kumjulia hali shangazi yangu. Nilifika jioni, giza limeshaingia. Nikapiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika, ingawa taa ilikuwa inawaka. Nilipochungulia nikakuta sebule imejaa: shangazi, wajukuu zake, majirani wawili na fundi baiskeli wa njia panda. Wote macho kwenye televisheni. Nikaamkia. Shangazi akaniashiria kwa mkono tu, "Kaa kwanza, mura. Huyu bwana anataka kumdhulumu mkewe nyumba."

Nikakaa. Nyumba ikadhulumiwa, mke akalia, na shangazi naye akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Mara mvua ikaanza kupiga bati, picha ikakatika vipande vipande, kisha ikapotea. Hapo ndipo nami nikapata kusalimiwa. Lakini shangazi hakuniuliza habari za safari. Aliuliza swali ambalo limenikaa kichwani juma zima: "Wewe unayesema redioni, hebu niambie. Hadithi hizi nani anazileta? Na mbona hazijawahi kupita hapa kwetu?"

Leo nitajaribu kumjibu shangazi, nanyi mkisikiliza.

Tuanze na ule ungo ulioko juu ya paa, maana wengi tunauona lakini hatujui unatazama nini. Setilaiti ni chombo kilichorushwa angani na kuwekwa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilometa zipatazo 36,000. Kwa umbali huo huizunguka dunia kwa mwendo uleule ambao dunia hujizungusha yenyewe, na ndiyo maana kwetu sisi huonekana kama kimesimama mahali pamoja. Kituo cha televisheni hupeleka mawimbi juu, setilaiti huyapokea na kuyarudisha chini, na ungo huyakinga kama mama anavyokinga maji ya mvua kwenye beseni.

Hapa Tarime, mtu mwenye macho anaweza kujua nyumba ipi inalipa kampuni ipi kwa kutazama paa tu. Setilaiti inayobeba matangazo ya DStv kwa upande wetu iko kwenye nyuzi 36 mashariki. Tarime iko nyuzi 34 na kidogo, tena karibu kabisa na ikweta. Setilaiti hiyo basi iko karibu na utosi wetu, na ungo wake hulala chali zaidi. Azam imekuwa ikitumia setilaiti iliyoko nyuzi 7 mashariki, mbali kule juu ya Ghuba ya Guinea. Ungo wake hugeukia magharibi, upande wa Ziwa Victoria. Mvua kubwa inapokuja, matone hunyonya yale mawimbi kabla hayajaufikia ungo. Kwa hiyo, shangazi, usiwagombeze wajukuu. Hawakugusa kitu.

Lakini ungo ni mlango tu. Swali la shangazi ni la mgeni anayeingia kwa mlango huo.

Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi, na Kenya walianza mwaka 1962. Sisi wa mpakani tulikuwa watu wa kuomba jirani. Mwenye televisheni aliinua antena juu ya mti mrefu wa mkaratusi, akaigeuza kuelekea Kenya, na siku hewa ikiwa safi tuliona chenga zikicheza Vitimbi na Vioja Mahakamani. Tulicheka mpaka machozi, kwa sababu mshitakiwa alijitetea kwa Kiswahili.

Wakati huo huko Afrika Kusini kulikuwa na kampuni iitwayo M-Net, iliyoanza mwaka 1986 kama televisheni ya kulipia. Mwaka 1995 ndugu zake wa MultiChoice wakaanzisha DStv, huduma ya chaneli nyingi kupitia setilaiti. Huduma hiyo ilipotufikia ilikuwa kitu cha mahoteli, migodi na wakubwa. Ungo ulikuwa ghali, na kilichomo ndani kilisema Kiingereza: sinema za Marekani, mpira wa Ulaya, habari za ulimwengu. Shangazi asingetoa hata shilingi moja kwa hayo.

Mwaka 2003 M-Net wakafungua chaneli ya burudani iitwayo Africa Magic. Ilionyesha zaidi sinema za Nigeria, zile zenye wachawi, wachungaji na mama mkwe mkali. Wajuzi wengi walizidharau, lakini watu walizipenda. Hapo wafanyabiashara wale wakagundua jambo ambalo mama lishe yeyote pale stendi ya Tarime angewaambia bure: mteja hutafuta kwanza chakula anachokijua.

Kutoka hapo njia ilikuwa moja. Ikafuata Africa Magic ya Kiswahili. Katika miaka ya 2014 na 2015 jina likageuka kuwa Maisha Magic, kukawa na chaneli ya Kenya, na ya Tanzania ikaitwa Maisha Magic Bongo. Kwa vijana wasiojua, Bongo ni jina la utani la Dar es Salaam, na siku hizi la Tanzania nzima, kwa kuwa kuishi huko kunataka ubongo. Mwaka 2018 Waganda nao wakapata yao, Pearl Magic. Mnaona? Mfanyabiashara yuleyule, mlango uleule wa angani, lakini kila nyumba inasemeshwa kwa lugha yake.

Sasa chaneli kama hiyo inajazwaje, saa ishirini na nne, siku saba za juma? Kuna njia mbili kubwa, na tofauti yake ni muhimu kwa mtu yeyote mwenye mtoto anayetaka kuigiza.

Njia ya kwanza ni kununua haki ya kuonyesha sinema iliyokwisha tengenezwa. Mtayarishaji hubaki na mali yake. Chaneli huikodi kwa muda. Ni kama kumkodisha mtu shamba: akivuna misimu mliyokubaliana, shamba hurudi kwako. Njia ya pili ni chaneli kuagiza kazi kwa fedha yake yenyewe. Hapo ndipo zinapotoka tamthilia ndefu kama Huba, iliyoanza mwaka 2017, na baadaye Jua Kali. Kwa wenzetu Kenya kulikuwa na Selina, kuanzia mwaka 2018. Katika njia hii mwigizaji na mwandishi hulipwa, tena kwa uhakika, lakini mara nyingi hadithi hubaki mali ya aliyeiagiza. Huko ni kulima kibarua katika shamba la mtu.

Na mbona tamthilia hizi hazina mwisho? Mbona kila siku zinakatika palepale kisu kinapoinuliwa? Ndugu wasikilizaji, hilo halitokani na ufundi wa mwandishi peke yake. Limetoka kwenye hesabu ya duka. Sinema ikiisha, mtazamaji huzima na kulala. Lakini kifurushi hulipiwa kwa mwezi. Hadithi isiyokwisha ndiyo inayomrudisha mlipaji kwa wakala wa fedha za simu mwezi unapogeuka. Kwa ajili hiyo kipande huwa kifupi, huonyeshwa jioni watu wakiwa nyumbani, na hurudiwa mchana kwa aliyekikosa.

DStv hawakubaki peke yao kwenye njia hiyo. Mwezi Desemba 2013 Azam, kampuni ya hapahapa nchini, ikaingia angani na baadaye ikawa na chaneli ya Sinema Zetu, ambayo jina lake linajieleza lenyewe. Azam hao hao wakawaletea akina shangazi tamthilia ya Kituruki ya Sultan, wafalme wa karne ya kumi na sita wakigombana kwa Kiswahili. Wachina walikuwa wameshaligundua jambo hilo. Mwaka 2011 tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake ilionyeshwa TBC kwa sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013, aliitaja.

Ila tusisahau aliyefungua njia. Kabla ya studio za Beijing kulikuwa na mabanda ya video, benchi za mbao na kiingilio cha sarafu. Na kulikuwa na Kapteni Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyeingiza sauti yake kwenye kanda za kigeni, akitafsiri, akitania na kuongeza chumvi. Ni yeye na wenzake walioonyesha kwamba mtu wa kawaida atalipa aone sinema ya Mchina, mradi asemeshwe kwa lugha anayoota nayo. Kampuni kubwa zilikuja baadaye kuvuna palipokwisha palizwa.

Basi hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo. Shangazi, hadithi hizi zinaletwa na biashara iliyotambua kwamba Kiswahili chako ni fedha. Na sisemi hivyo kwa kulaumu. Soko la kanda na diski lilipouawa na wezi wa kunakili, watengenezaji wengi wa sinema walibaki mikono mitupu, na chaneli hizi ndizo zilizowanunulia. Zimewapa watu kazi. Zimewapa heshima pia: mwaka 2016, katika tuzo za Africa Magic huko Lagos, Elizabeth Michael, yaani Lulu, na Single Mtambalike, yaani Richie, walirudi nyumbani na ushindi. Mwaka 2018 MultiChoice walifungua chuo Nairobi cha kuwafundisha utengenezaji wa filamu vijana wa Afrika Mashariki, Watanzania wakiwamo.

Lakini wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wanunuzi wakiwa wachache, wao ndio huamua hadithi iwe ya nani. Ndiyo maana ukikaa sebuleni Turwa jioni, mara nyingi utaona jumba lilelile la Dar es Salaam: geti, mlinzi, ngazi, na mwanamke aliyevaa kama anakwenda harusini ilhali anakwenda jikoni. Tena duka linazidi kwenda mbali. Mwezi Septemba 2025 kampuni ya Canal+ ya Ufaransa iliichukua MultiChoice. Zamani mwenye uamuzi alikuwa Johannesburg. Sasa mwenye duka yuko Paris. Je, atajua Turwa iko wapi?

Nakuja kwenye swali la pili: mbona hadithi hazijapita hapa kwetu? Siyo kwamba hatunazo. Mpaka wa Sirari na Isebania umepita katikati ya ukoo mmoja, ndugu wawili wakaamka raia wa nchi mbili. Kuna dhahabu ya Nyamongo na yote iliyoyaleta. Kuna mama asiye na mtoto wa kiume aliyeoa mke ili nyumba yake isife, ile tunayoiita nyumba ntobhu. Mwandishi gani wa Istanbul angeweza kubuni hilo? Hazijapita kwa sababu hatujaziandika, na hatujazipeleka. Tumekaa tukikinga beseni, tukisubiri mvua ya wenzetu.

Ushauri wangu ni mdogo. Walimu wa sekondari, mwaachie wanafunzi waandike maigizo ya hapa, wayacheze hata chini ya mwembe. Vijana wenye simu zenye kamera, mwachukue wazee wenu wakisimulia kabla hawajaondoka. Na siku mtu akija na mkataba, usitie sahihi kwa furaha ya kuonekana. Uliza kwanza: unakodi, au unanunua? Kwa muda gani? Na kikionyeshwa tena, nami nitapata nini?

Sijamaliza habari ya ile jioni. Mvua ilipokata picha, shangazi alianza kutusimulia kisa cha msichana wa zamani, rafiki yake, aliyetoroka usiku na mtoto mgongoni, ng'ombe za mahari zikidaiwa, kaka zake wakimfuata kwa tochi. Alikuwa amefika mtoni, maji yamejaa, ng'ambo ni Kenya. Tulikuwa kimya, hata fundi baiskeli aliacha kutafuna muwa. Mara mjukuu mmoja akapiga kelele, "Bibi, picha imerudi!" Wote wakageuka. Shangazi akanyamaza, naye akageuka.

Mpaka leo sijui kama yule msichana alivuka. Jumapili hii nakwenda tena Turwa, na safari hii nitabeba daftari.

Kwaherini, hadi juma lijalo.