KUTAYARISHA USO WA INJINI KUUKUU YA TREKTA KWA MANIFOLDI MPYA YA MOSHI

Manifoldi ya moshi ni chuma chenye matundu kinachofungwa ubavuni mwa kichwa cha silinda. Kazi yake ni kukusanya moshi wa kila silinda na kuupeleka katika bomba la ekzosi. Ikipasuka au ikipinda, mkulima hununua nyingine. Lakini wengi hufunga mpya juu ya uso mchafu, na baada ya majuma machache gasketi huungua tena. Fedha imetoka mara mbili, na mvua haingoji.

Dalili za kuvuja ni rahisi kuzijua. Injini hupiga makofi, hasa inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, na kwenye maungio huonekana michirizi myeusi ya masizi. Usiidharau dalili hiyo. Moshi unaotoka hapo ni wa moto sana, nao hupiga karibu na mabomba ya dizeli. Katika Mkoa wa Tabora miezi ya Agosti hadi Oktoba majani ni makavu kabisa, na cheche moja yatosha kuteketeza shamba na msitu wa miombo ulio jirani. Tena moshi huo una sumu isiyoonekana wala kunuka. Usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa.

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, kabla mawingu ya Novemba hayajatanda. Kipuri kisipopatikana mjini Tabora huenda kikaagizwa Dar es Salaam, yapata kilomita 840 kwa reli. Njia hiyo si mpya kwa mizigo: kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, wapagazi walikuwa wakibeba kila kitu kichwani kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Urambo nayo imekwisha kuona hasara ya mashine zinazongoja kutengenezwa. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulitumia matrekta mengi yaliyokwisha tumika kwingine, na mengi yakaharibika mapema.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe imepoa kabisa. Jioni ya kuamkia kazi, lowesha nati zote kwa mafuta ya kulegeza kutu, au dizeli ikiwa huna mengine. Asubuhi fungua kidogo, rudisha kidogo, kisha fungua tena. Nati inayokataa isilazimishwe kwa bomba refu juu ya spana, kwa maana stadi itakatika ndani ya kichwa cha silinda, na kuitoa ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kutoboa. Stadi ikikatika, iache hivyo hivyo umpelekee; mwenye kuifuata kwa tindo na nyundo huharibu tundu lote.

Ukiisha kuitoa manifoldi, ziba kila tundu la moshi kwa kitambaa safi, na uhesabu vitambaa ulivyotia. Kipande cha masizi magumu kikiingia ndani chaweza kukaa chini ya valvu, na hapo utakuwa na ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kwanza.

Gasketi za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kwa hiyo usizikwangue zikiwa kavu, usitumie brashi ya waya ya mashine, wala usipulize kwa hewa. Lowesha kwa maji yenye sabuni, kwangua taratibu kwa kisu butu ukilaza ubapa wake, kisha tia mabaki yakiwa bado mabichi katika mfuko wa plastiki na uufunge. Watoto wakae mbali. Masizi na kutu vilivyobaki visugue kwa msasa laini uliozungushiwa kibao kilichonyooka, ukitia mafuta kidogo. Msasa ulioshikwa kwa vidole huchimba mabonde.

Uso ukisafika, upime. Simamisha rula ya chuma kwa ukingo wake juu ya matundu yote, kwa urefu na kwa mshazari, na uangalie kama mwanga wapita chini. Karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikiteleza kwa urahisi chini ya rula, uso umepinda au umeliwa na moto. Usijaribu kuusawazisha kwa tupa, upeleke karakana ukasawazishwe kwa mashine. Manifoldi mpya pia ipime, maana si kila kipya kimenyooka. Njia nyingine ya kuhakikisha ni kuipaka mafuta membamba yaliyochanganywa na masizi, kuigandamiza mahali pake bila gasketi, na kuitoa. Pasipopata rangi ndipo penye shimo. Mwenye majaruba ya mpunga anajua tundu la panya katika tuta: maji yakianza kupita, kila saa hulipanua. Ndivyo moshi ufanyavyo kwenye gasketi.

Futa mafuta yote, toa vitambaa ukivihesabu, kisha weka gasketi mpya ikiwa kavu, bila grisi wala gundi. Kaza nati kwa zamu ukianzia katikati kwenda pembeni, kila moja kidogo kidogo, mpaka zote zifikie nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha trekta. Washa injini hadi ipate moto, izime, ipoe, kisha kaza tena. Kitabu kikisema vingine, fuata kitabu. Baada ya siku ya kwanza ya kulima angalia maungio. Ukiona mchirizi mpya wa masizi, simamisha trekta siku hiyo hiyo, kabla moto haujala chuma ulichokwisha kukisafisha.